Je, Fomu Hiyo Inakuhusu? Mazungumzo na wasafiri wa Mbeya kuhusu idhini ya kielektroniki ya kwenda Kenya



Mazungumzo haya tuliyatoa kwanza Iringa, na yaliyotukuta huko yametulazimu kuyapanga upya. Tulikwenda na maelezo marefu ya namna ya kujaza fomu ya idhini ya kielektroniki ya kusafiri kwenda Kenya, ile inayofahamika kwa herufi tatu, eTA. Hatujafika mbali, mama mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Wanangu, hiyo fomu mimi inanihusu?" Tulikuwa tumeandaa kurasa sita, na jibu lake halikuwa katika ukurasa wa kwanza.

Haimhusu. Raia wa Tanzania anayekwenda Kenya kutembelea ndugu, kuuguza mgonjwa, kuhudhuria mahafali au kupita tu katika uwanja wa ndege wa Nairobi haombi eTA, wala haidaiwi pasipoti yake malipo yoyote ya idhini hiyo.

Utaratibu wenyewe ulikuja hivi. Tarehe 12 Desemba 2023, katika sherehe za Jamhuri, Rais William Ruto alitangaza kuwa kuanzia Januari 2024 wageni hawatahitaji tena viza kuingia Kenya. Badala yake mgeni angeomba idhini kwa njia ya mtandao kabla ya kuanza safari, kwa ada ya dola 30 za Marekani. Watanzania hawakuingizwa katika sharti hilo tangu mwanzo, kwa kuwa Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia na kukaa kama mgeni hadi miezi 6 bila kutozwa. Mwaka 2025 Kenya iliwaondolea sharti hilo raia wa nchi nyingine nyingi za Afrika pia.

Lakini habari husafiri ikipukutika njiani. Iliyotufikia wengi wetu huku Nyanda za Juu Kusini ilikuwa kwamba sasa "kila mtu anayekwenda Kenya lazima aombe mtandaoni". Neno "kila mtu" ndilo lililozaa biashara tunayokuja kuwatahadharisha nayo.

Mtu anashika simu, anaandika maneno mawili matatu ya kutafuta idhini ya Kenya. Yanayojitokeza juu kabisa aghalabu ni matangazo ya kulipiwa, si tovuti ya serikali. Anafungua la kwanza. Anakuta rangi za bendera, picha ya tembo, na fomu iliyopangwa vizuri kuliko fomu nyingi za serikali tulizowahi kujaza (tunakiri hilo kwa unyenyekevu). Anaombwa jina, picha ya uso, picha ya ukurasa wa pasipoti, kisha namba za kadi ya benki. Ada inayotajwa huweza kuwa mara mbili au zaidi ya ile ya serikali. Hakuna mahali anapoambiwa kwamba yeye, akiwa Mtanzania, hahitaji kitu hicho. Anayeuza hana faida ya kumweleza.

Si kila wakala ni tapeli. Mtu anayekuambia wazi kwamba yeye si serikali, na kwamba sehemu hii ni ada na sehemu hii ni ujira wake, anafanya biashara halali. Anayejivika sura ya serikali ili ulipe usichodaiwa anapotosha mlaji, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo huo. Ugumu ni kwamba wengi wao wako nje ya mipaka yetu. Sheria ikimfikia, itamfikia kwa kuchelewa, na fedha yako itakuwa imekwisha kuondoka.

Hata hivyo fedha si hasara kubwa kuliko zote. Aliyepoteza shilingi elfu sabini au themanini atazifanyia kazi tena. Picha ya pasipoti pamoja na picha ya uso wako zikishatoka hazirudi, na mwenye nazo anaweza kujitambulisha kwa jina lako kwa miaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki juu ya taarifa hizo, lakini kuziba tundu ni kazi nyepesi kuliko kufukuzia maji. Vivyo hivyo mnapojaziwa fomu katika steshenari: ombeni nakala ya pasipoti ifutwe kwenye kompyuta mbele ya macho yenu kabla hamjaondoka. Kijana wa steshenari hatachukia, na akichukia mtakuwa mmejifunza jambo.

Jinsi ya kutambua tovuti ya kweli ni kusoma anwani yake kuanzia mwisho. Tovuti rasmi ya idhini hiyo ni www.etakenya.go.ke. Herufi zilizo mwishoni, go.ke, hutengwa kwa ajili ya taasisi za serikali ya Kenya, kama go.tz ilivyo kwetu. Anwani inaweza kubeba neno Kenya, neno eTA na neno serikali kwa pamoja, lakini ikiishia kwa .com au .org, si ya serikali.

Kule Iringa waliohitaji fomu kwa kweli walikuwa wenye nyumba za wageni na waongozaji wa watalii wa Hifadhi ya Ruaha, ambao wageni wao kutoka Ulaya huendelea na safari hadi Nairobi. Mgeni wa namna hiyo anahitaji eTA, na mtoto wake naye anahitaji yake. Mume au mke wa kigeni wa Mtanzania naye huangaliwa kwa uraia wake, si kwa ndoa. Waombe mapema, angalau siku 3 za kazi kabla ya safari, na wasiachie hadi basi linapokaribia Namanga.

Mtanzania anachohitaji ni pasipoti hai, au hati ya dharura ya safari kutoka Idara ya Uhamiaji. Kitambulisho cha Taifa peke yake hakitoshi. Kenya, Uganda na Rwanda ndizo zilizokubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho, sisi hatumo katika makubaliano hayo. Pia hakikisheni pasipoti inagongwa mhuri mnapoingia, hata kama foleni ni ndefu na dereva anapiga honi. Na ruhusa ya kutembea si ruhusa ya kufanya kazi. Kwa ajira kuna kibali chake.

Kwa wanaovuka Tunduma kwenda Zambia au Kasumulu kwenda Malawi kwa matembezi mafupi, hamhitaji viza pia. Mwenye kuwauzia "idhini ya mtandao" ya huko mwulizeni maswali yale yale.

Aliyekwisha kulipa aipigie benki yake leo, si kesho, aombe kadi ifungwe na malipo yapingwe, kisha atoe taarifa polisi akiwa na picha za ukurasa aliolipia. Ujumbe wa kitapeli unaoingia kwa simu upelekwe namba 15040.

Sasa tunapokea maswali. Mwenye risiti ya malipo ya aina hii aje nayo hapa mbele, tuisome pamoja.