Nani Afungue Mlango wa Chuo Kikuu?



Novemba 1974, mjini Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU iliazimia kwamba amalizaye kidato cha sita afanye kazi kwanza, ndipo aombe Chuo Kikuu, akiwa na sifa njema kazini na katika Chama. Uamuzi ulitoka kwenye Chama, si kwenye Seneti. Sisi tuliofundisha Mlimani tulipata wanafunzi watu wazima, wenye maswali mazito. Hiyo ilikuwa faida. Lakini wasichana walipungua, ikabidi sharti lilegezwe kwa ajili yao. Vijana, kesho mtakalia viti vya maamuzi. Kabla ya kupiga muhuri, waulizeni wafundishao na wafundishwao. Mlango hujulikana na wanaoupita.