Hesabu ya Siku Ishirini na Nane
(Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika mkutano wa makatibu na wanachama)



Mmezoea kuniona nikifungua vitabu vya fedha. Leo naomba ruhusa yenu nizungumzie hesabu nyingine: siku 28 za mwanzo za maisha ya mtoto, ambazo ndizo za hatari kuliko zote.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa katika msimu wa ununuzi wa kahawa. Mimi nilikuwa safarini nikikagua vyama, na huku nyumbani kitovu chake kilipakwa majivu kama ilivyokuwa desturi yetu. Niliporudi siku ya sita, nilikuta kitovu ni chekundu, kinanuka, na mtoto amekataa ziwa. Katibu mmoja aliacha mizani yake akatupeleka hospitali kwa pikipiki usiku ule ule. Mtoto alipona. Daktari alituambia kwamba lau tungalingoja asubuhi, tungalimkosa. Nilikuwa nimekagua nyumba za watu wote isipokuwa yangu.

Basi nawakabidhi niliyojifunza.

Kwanza, kitovu kiachwe kikavu na safi. Kisipakwe majivu, mafuta wala samadi, ila dawa iliyotolewa na zahanati. Kila amshikaye mtoto anawe mikono kwa sabuni.

Pili, mtoto anyonye kabla ya saa moja kupita tangu kuzaliwa. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, yasimwagwe. Ndiyo kinga yake ya kwanza. Hadi atimize miezi sita, asipewe maji wala uji.

Tatu, apate joto. Asioshwe kabla ya saa 24 kupita. Aliyezaliwa mdogo abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Hata baba aweza kumbeba.

Akikataa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akiwa na homa au mwili baridi, akishikwa na degedege, au nyayo zake zikigeuka manjano, msingoje kukuche. Mpelekeni.

Lakini apelekwe kwa nini, ikiwa fedha hazipo hadi malipo ya kahawa? Nashauri kila chama, kwa uamuzi wa mkutano mkuu, kitenge mfuko mdogo wa usafiri wa wazazi na watoto wachanga, wenye kitabu chake na stakabadhi zake. Kitabu hicho nitakikagua kwa furaha.