Doa kwenye Picha ya Kibofu

Msikilizaji, chukulia mzee mkulima wa chai hapa Merigi anakojoa damu, tena bila maumivu. Anafika hospitalini, anatiwa dawa inayokifanya kibofu kionekane cheupe, anapigwa eksirei. Ndani ya weupe ule kuna doa jeusi. Ni nini?

Hapo ndipo kazi ilipo. Linaweza kuwa kijiwe, bonge la damu, saratani, au kiputo cha hewa tu. Tezi dume iliyokua nayo husukuma kibofu kutoka chini. Na kwa aliyekulia Kwale au Tana River, ukuta wa kibofu ulioshika chokaa, unaoonekana hata kabla ya dawa kutiwa, huashiria kichocho. Kwa hiyo, kumuuliza mgonjwa alikokulia ni sehemu ya kuisoma picha.

Wapo wanaosema daktari aliye karibu aisome papo hapo. Wana hoja: bonge la damu likiziba mkojo, halingoji. Kwa upande mwingine, mtaalamu wa radiolojia, hata akitumiwa picha kwa intaneti, huona ambayo wengine hawayaoni. Naegemea huku, ila kwa sharti moja. Saratani ndogo hufichwa na dawa ile ile, na mara nyingi ni kamera ya kuchungulia ndani ya kibofu inayoifichua. Anayekojoa damu asirudishwe nyumbani eti kwa kuwa picha ni safi.

Swali ni hili: nani atagharamia safari ya mzee huyo hadi kwenye kamera hiyo?