Aniceti Kitereza: Maisha Yake na Mtindo Wake wa Kusimulia

Mada kwa warsha ya walimu wa Kiswahili, Kaloleni, Arusha

Utangulizi



Tunapofundisha historia ya riwaya ya Kiswahili, huwa tunaanza na James Mbotela na Uhuru wa Watumwa (1934), tukapita kwa Shaaban Robert, kisha tukaenda moja kwa moja kwa Kezilahabi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, tukimtaja, tunamtaja kwa sentensi moja, tena kama mhifadhi wa mila. Mada hii inatetea msimamo tofauti. Kitereza ni msanii wa riwaya, na yale tunayoyaita maelezo marefu ya mila ndiyo mbinu yake kuu ya kusimulia. Ukiyaondoa, hadithi yenyewe inakufa.

Maisha yake

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Alisomeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, akaendelea katika seminari ya Rubya, Buhaya, alikojifunza Kilatini na Kijerumani. Hakufikia upadre. Alirudi kwenye maisha ya kawaida na kumwoa Anna Katura. Hawakubahatika kubaki na mtoto, lakini waliishi pamoja hadi uzeeni.

Mwaka 1945 alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe. Wakati huo Kusadikika ya Shaaban Robert ilikuwa bado haijatoka. Lakini nani angechapisha kitabu kinene katika lugha ya kisiwa kimoja? Muswada ulikaa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Gerald na Charlotte Hartwig, Wamarekani waliokuwa Ukerewe kwa utafiti, walimhimiza autafsiri. Akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, aliiandika upya kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla ya kukishika kitabu chake.

Mtindo wake wa kusimulia

Kisa ni chepesi kukieleza. Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto. Maneno ya ndugu wa mume yanawaudhi wazazi wa mke, nao wanamchukua binti yao. Myombekere anakataa kuoa mwingine, anakwenda ukweni kuomba mkewe arudishwe, na anatozwa pombe ya ndizi. Baadaye wanapata tiba, na watoto wawili wanazaliwa.

Mwandishi mwenye haraka angeandika kwamba Myombekere alipeleka pombe akarudishiwa mke. Kitereza anatupitisha katika kazi yenyewe: ndizi kutafutwa na kuivishwa, kukamuliwa, togwa kutiwa nafaka na kuachwa lichachuke, kisha mitungi kubebwa hadi ukweni. Kwa nini? Kwa sababu pombe ile haitengenezwi na mtu mmoja. Myombekere analazimika kuomba msaada wa jirani, na kila anayekuja anajua kazi inafanywa kwa ajili ya nini. Jasho lile ndilo ushahidi wa upendo wake. Hakuna mahali anapohitaji kutamka kwamba anampenda Bugonoka, msomaji ameshaona.

Hapa inafaa tumweke kando ya Daniel Defoe, mmoja wa waanzilishi wa riwaya ya Kiingereza, aliyetoa Robinson Crusoe mwaka 1719. Defoe naye anasimulia hatua kwa hatua jinsi mtu anavyofinyanga vyungu na kuoka mkate kisiwani. Tofauti ni kubwa. Crusoe anafanya kazi peke yake kwa muda mrefu, na fahari yake ni kujitosheleza. Mtu wa kisiwa cha Kitereza hana jambo kubwa analoweza kulimaliza peke yake: kupika pombe, kurudisha mke, kutafuta tiba, hata kulea. Wahakiki wanamsifu Defoe kwa uhalisia wake. Sisi maelezo ya namna hiyohiyo, yakitoka kwa Kitereza, tunayaita masomo ya mila. Si haki.

Mbinu ya pili ni mazungumzo. Wageni wanapobisha hodi, salamu hazifupishwi. Katika salamu hizo tunapima nani anamheshimu nani, nani ana kinyongo, na nani amekuja na haja anayoogopa kuisema. Mvutano unajengeka ndani ya adabu yenyewe.

Mbinu ya tatu ni msimulizi anayejua kila kitu lakini hana haraka ya kuhukumu. Anawaacha wahusika watetee misimamo yao kwa methali na hoja, wakiwemo wale ndugu wanaomsumbua Bugonoka.

Mapendekezo

Kwanza, tusimfundishe Kitereza kwa muhtasari. Tuchague sura moja, kama ile ya kupika pombe, tuisome darasani kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho.

Pili, tutumie ujuzi wa wanafunzi wetu. Mtoto aliyekulia kwenye migomba ya Nkoaranga au Akeri anajua kazi ya ndizi kuliko kitabu chochote cha uhakiki. Aulizwe: kwenu, kazi hii hufanywa na nani, na kwa ajili ya nani?

Tatu, maktaba za shule zitafute nakala. Tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika ilitoka mwaka 2002, na kabla yake Wajerumani walishaisoma kwa lugha yao. Ni aibu mwanafunzi wa Arusha amalize kidato cha sita bila kuiona ya Kiswahili, aliyoiandika mwenyewe Kitereza.

Hitimisho

Walimu wenzangu, mtu huyu aliandika kwa subira na akasubiri miaka 35 ili asomwe. Nawaombeni muhula ujao tumpe walau vipindi viwili. Tumsome kwa mwendo alioutaka mwenyewe, ndipo tutakapokuwa na haki ya kumhakiki.