Chombo cha Habari Kinapolaumiwa

Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa walei na wajumbe wa haki na amani wa parokia



Ndugu wapendwa, nimeombwa niseme juu ya haki katika upashanaji habari. Jambo hilo ni pana mno kwa muda tuliopewa, hivyo nimechagua upande wake mmoja, ambao kwa kawaida hatuugusi. Kazi ya mwandishi wa habari ni kuwauliza wengine maswali. Je, anapoulizwa yeye? Gazeti linapoambiwa kwamba limeandika uongo, au redio inapoambiwa kwamba imepata habari zake kwa hila, hujibu nini mbele ya umma, na lipaswa kujibu nini? Tume ya haki na amani haiingilii mambo ya wengine inapouliza hivyo. Uongo uliochapishwa ni dhuluma kama dhuluma nyingine. Yupo mtu aliyeumizwa nao, naye anastahili kurudishiwa kilicho chake.

Sitachukua mfano wa kijigazeti kisichoaminiwa na yeyote. Nitachukua Shirika la Utangazaji la Uingereza, yaani BBC. Idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1957, na wapo kati yetu waliokua wakiisikiliza kila jioni pamoja na baba zao. Ni nyumba yenye jina, na jambo ninalotaka tulitazame huonekana vizuri zaidi penye nyumba yenye jina la kulinda.

Tarehe 20 Novemba 1995 kipindi cha televisheni cha BBC kiitwacho Panorama kilitangaza mahojiano na Diana, mke wa mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza. Watu wapatao milioni 23 nchini humo walitazama. Mwandishi aliyeyapata mahojiano hayo, Martin Bashir, alisifiwa na kupewa tuzo. Kumbe wiki kadhaa kabla ya hapo alikuwa amemwomba mchoraji wa michoro ya televisheni, Matt Wiessler, amtengenezee karatasi zinazofanana na taarifa za benki. Karatasi hizo zilionyesha kwamba mtu aliyewahi kumfanyia kazi Earl Spencer, mdogo wake Diana, alikuwa amelipwa fedha na kampuni ya magazeti. Zilikuwa za kughushi. Bashir alimwonyesha Earl Spencer karatasi hizo ili kumtia hofu na kujipatia imani yake, na kwa njia hiyo akafikishwa kwa Diana.

Hilo lilikuwa kosa la mwandishi mmoja, nalo lingeweza kubaki hivyo. Naomba sasa tuangalie jibu la nyumba yake.

Wiessler, alipotambua kwamba kazi ya mikono yake huenda imetumiwa kwa hila, alikwenda mwenyewe kuwaeleza wakuu wa kipindi. Hakwenda kwenye gazeti la washindani wala hakudai fedha. Alifanya lile tunaloambiwa tulifanye: umwendee kwanza ndugu yako faraghani. Mwezi Aprili 1996 gazeti moja la London liliandika habari za karatasi za uongo, na BBC ikalazimika kufanya uchunguzi wa ndani. Aliyeuongoza alikuwa Tony Hall, mkuu wa idara ya habari, maana yake ni mkuu wa idara ile ile iliyolaumiwa. Bashir alikuwa ameshawadanganya wakubwa wake mara tatu kwamba hakumwonyesha mtu yeyote karatasi hizo, kisha akakiri kwamba alimwonyesha Earl Spencer. Pamoja na hayo uchunguzi ukamhesabu kuwa mtu mwaminifu. Earl Spencer, ambaye ndiye aliyeonyeshwa karatasi, hakuulizwa hata neno moja. Na huyu mchoraji aliyesema ukweli? Bodi iliarifiwa kwamba hatua zinachukuliwa ili asipewe tena kazi na BBC.

Nawaomba tusipite haraka hapa. Mnaikumbuka habari ya Susana katika kitabu cha Danieli, sura ya 13. Wazee wawili wenye heshima walimshitaki, na mkutano wote ukawaamini kwa sababu walikuwa wazee na waamuzi. Kijana Danieli hakufanya muujiza wowote. Aliwatenga wale wawili na kumwuliza kila mmoja peke yake: ulimwona chini ya mti gani? Majibu yalipopishana, uongo ukawa wazi. Hiyo ni kazi ambayo katibu yeyote wa jumuiya ndogo ndogo angeweza kuifanya, na ndiyo haikufanyika mwaka 1996. Hakuna aliyepiga simu kwa shahidi mkuu.

BBC ilikuwa na kitu kimoja cha kushika mkononi. Diana aliandika barua kwa mkono wake kwamba yeye hakuonyeshwa karatasi zile na kwamba hajutii mahojiano. Wengi waliona barua hiyo imefunga shauri. Mimi naona ilijibu swali moja na kuliacha jingine. Ilisema kwamba aliyehojiwa hakuwa na malalamiko wakati ule. Haikusema kwamba hakuna aliyedanganywa, wala haikuweza kusema hivyo, kwa kuwa Diana mwenyewe hakujua yote yaliyofanyika nyuma yake. Alifariki mwaka uliofuata uchunguzi huo, yaani 1997, bila kuyajua.

Miaka ikapita. Waandishi walioulizia habari hiyo walipewa majibu ya kuzungukazunguka. Bashir aliondoka BBC mwaka 1999, akarudi mwaka 2016, akapewa dawati la habari za dini. Hall naye akawa Mkurugenzi Mkuu wa shirika zima kuanzia 2013 hadi 2020. Wiessler alikuwa amekwisha kuipoteza riziki yake katika shirika hilo.

Ni mwaka 2020 tu, baada ya Earl Spencer kusema hadharani, ndipo Mkurugenzi Mkuu mpya, Tim Davie, alipomwita mtu wa nje, jaji mstaafu Lord Dyson. Ripoti yake ilitolewa tarehe 20 Mei 2021. Ilisema wazi kwamba Bashir alitumia hila, kwamba uchunguzi wa 1996 ulikuwa dhaifu mno, na kwamba shirika liliuficha ukweli uliokuwa mikononi mwake. BBC iliichapa ripoti, na siku hiyo hiyo kipindi kile kile cha Panorama kikatangaza habari za aibu yake chenyewe. Iliomba radhi kwa barua, ikarudisha tuzo, ikamwomba radhi Wiessler. Mwaka 2022 ilitoa kwa mashirika ya kusaidia watu paundi milioni 1.42, ambazo ni fedha ilizopata kwa kuyauza mahojiano hayo, na ikasema haitayatangaza tena.

Katika hayo ya mwisho namwona Zakayo wa Luka 19, ambaye toba yake haikuishia mdomoni bali ilifika mfukoni. Hata hivyo siwezi kulisifu jibu la 2021 kupita kiasi. Ni rahisi kuungama dhambi za waliokwisha kustaafu. Mtihani ulikuwa mwaka 1996, wenye kosa walipokuwa bado wameketi vitini.

Upo mfano mwingine, wa jarida la Kijerumani Der Spiegel. Mwandishi wake Claas Relotius alikuwa akibuni watu na matukio. Mwaka 2017 aliandika makala juu ya mji mdogo wa Fergus Falls, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Wakazi wawili wa mji huo, watu wa kawaida kama ninyi, walishangaa kuusoma mji wao na kutoutambua. Hawakupiga kelele. Walikaa zaidi ya mwaka mmoja wakikagua kila jambo. Makala ilisema kwamba msimamizi wa mji hajapata kuiona bahari maishani mwake, nao wakapata picha yake akiwa ufukweni. Makala ilisema kwenye mlango wa mji kuna kibao cha kuwakataza Wameksiko kuingia, na kibao hicho hakikuwapo. Wakati huo huo mwandishi wa kujitegemea wa jarida hilo, Juan Moreno, aliyepangiwa kuandika pamoja na Relotius, alianza kumshuku. Wakubwa wake hawakumsadiki, hata yeye mwenyewe akawa karibu kuonekana mbaya. Akasafiri kwa fedha zake hadi Marekani, akawakuta watu ambao Relotius alidai amewahoji, nao wakasema hawamjui.

Basi jarida lilipothibitishiwa, halikusubiri washindani walitangaze. Desemba 2018 lenyewe liliwaeleza wasomaji wake lilivyodanganywa na lilivyodanganya, likamtuma mwandishi mwingine Fergus Falls, na Mei 2019 likachapa ripoti ya tume yake, ambamo alikuwamo pia mtu asiye wa jarida hilo. Mwanzo wake ulikuwa mbaya kama wa BBC, maana mwenye kusema kweli alishukiwa kwanza. Tofauti ni kwamba ulidumu kwa wiki chache.

Tazameni ni nani aliyeleta ukweli katika habari hizi mbili. Ni mchoraji wa kibarua, mwandishi asiye na ajira ya kudumu, na wakazi wawili wa mji mdogo. Walikuwa wadogo, lakini walikuwapo, waliona, nao waliweza kutaja jambo kwa jina lake.

Mtasema haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Lakini sisi wa Maziwa Makuu tunajua zaidi ya wengine gharama ya lawama isiyosikilizwa. Nchini Rwanda redio ya RTLM, iliyokuwa kampuni yenye wanahisa wake, ilianza kutangaza Julai 1993. Mara mbili, Novemba 1993 na Februari 1994, Waziri wa Habari, Faustin Rucogoza, aliwaita viongozi wake na kuwaonya juu ya matangazo yenye kuchochea chuki. Waliitetea redio yao, na matangazo yakaendelea. Waziri huyo aliuawa tarehe 7 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa hapo Arusha ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo, na rufaa ya mwaka 2007 ikampa miaka 30. Siwaweki BBC na RTLM katika kapu moja. Hilo lingekuwa dhuluma nyingine. Nasema tu kwamba lawama ni onyo, na onyo lina saa yake.

Hapa lazima niongeze neno, maana wapo watakaoyachukua maneno yangu na kuyapeleka nisikotaka. Si kila anayelia juu ya maadili ya waandishi anaupenda ukweli. Wenye madaraka wanalo zoea la kuita uchochezi kila kinachowaudhi. Mwezi Septemba 2013 Serikali ya Tanzania ililifungia gazeti la Mwananchi kwa siku 14 na Mtanzania kwa siku 90. Kulifunga gazeti si kulisahihisha. Gazeti likifungwa, hata masahihisho hayana mahali pa kuchapwa, na msomaji hubaki bila kujua lipi lilikuwa kweli na lipi uongo. Ndiyo maana waandishi wa Tanzania mwaka 1995 waliunda Baraza la Habari, ili anayelalamika na anayelalamikiwa wakae meza moja bila polisi mlangoni. Kwa maoni yangu waamini wetu hawalitumii vya kutosha. Wengi hudhani mahali pa kupeleka shauri la gazeti ni mahakamani tu, au kwa mkuu wa wilaya.

Na vyombo vyetu wenyewe je? Majimbo yana redio, parokia zina barua za habari, na utume mwingi siku hizi hupita katika simu. Hati ya Kanisa ya mwaka 1971 juu ya upashanaji habari, Communio et Progressio, inautambua uhuru wa watu kutoa maoni hata ndani ya Kanisa. Nasi tumeona, kwa uchungu na kwa hasara ya watoto wa watu, yaliyotokea mahali pengi duniani pale viongozi wa Kanisa walipolinda jina kabla ya kumlinda aliyeumizwa. Kwa hiyo redio ya jimbo ikiambiwa imekosea, mkurugenzi asianze kwa kuuliza ni nani aliyemtuma mlalamikaji. Aanze kwa kusikiliza upya kipindi chenyewe. Ikiwa kosa lipo, litajwe saa ile ile ya kipindi kile kile, si usiku wa manane wala kwa maneno kwamba huenda baadhi ya watu hawakuelewa vizuri. Ikiwa kosa halipo, aseme hivyo na atoe ushahidi, kwa upole. Aliyelaumiwa bure naye ana haki yake. Uchunguzi asiufanye yeye ambaye kiti chake kinategemea majibu.

Kwa upande wetu sisi wasomaji, kazi si kubwa kama tunavyofikiri. Lalamiko la kusema kwamba gazeti fulani ni la waongo halimsaidii mtu, wala halijibiki. Anayelalamika alihifadhi gazeti lenyewe. Kama ni redio, aandike siku, saa na jina la kipindi, tena aandike jioni ile ile kabla kumbukumbu haijachanganyika na hasira. Ataje sentensi anayoipinga, aeleze yeye anajuaje kuwa si kweli, na aseme anataka nini: masahihisho, kuombwa radhi, au nafasi ya kujibu. Barua impelekee mhariri kwanza, na impe muda. Nakala abaki nayo, nyingine aiweke kwa katibu wa haki na amani wa parokia, ili mhariri akinyamaza, shauri lipelekwe Baraza la Habari likiwa na karatasi zake zote. Makatibu mliopo hapa, ninaomba kila mmoja afungue faili moja kwa ajili hiyo kabla ya mkutano wa dekania.