Tovuti ya Chama na Mwanachama Asiyeona

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mameneja na wajumbe wa bodi za vyama wanachama)



Siku hizi ni jambo la kawaida kwa chama cha ushirika, hasa cha akiba na mikopo, kuwa na tovuti yake. Humo hutangazwa mkutano mkuu, huwekwa taarifa ya mapato na matumizi, na katika baadhi ya vyama mwanachama hujaza humo humo ombi la mkopo bila kufika ofisini. Hayo ni maendeleo ya kupongezwa. Lakini lipo swali ambalo ni nadra kuulizwa katika vikao vya bodi: je, mwanachama asiyeona, au asiyesikia, au ambaye mikono yake haimtii, naye anapata kuingia humo?

Wanachama wa namna hiyo si wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3, yaani mtu mmoja katika kila watu sita, wana ulemavu unaowatatiza katika maisha. Tena si lazima mtu awe amejiunga na chama akiwa na ulemavu. Mkulima aliyeingia chamani kijana, mwenye macho makali, huzeeka akiwa mwanachama yule yule, na mtoto wa jicho haulizi nani amelipa hisa zake.

Wapo watakaosema kwamba asiyeona hana haja na kompyuta. Wenye kusema hivyo hawajamwona akiitumia. Ipo programu inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini. Simu nyingi za Android huuzwa zikiwa nayo tayari, nayo huitwa TalkBack. Mwenye simu hupapasa kioo kwa kidole, na simu humtajia kila kitu anachokigusa. Kwa kompyuta ipo programu iitwayo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote wawili wasioona, nayo hutolewa bila malipo. Sauti ya Kiswahili imo, ingawa lafudhi yake ni ya mashine. Kwa hiyo mwanachama huyo mara nyingi amekwisha kujitayarisha. Ambaye hajajitayarisha ni chama.

Kosa linaloonekana mara nyingi kuliko mengine yote ni hili. Karani huandika tangazo la mkutano mkuu kwa kompyuta. Hulichapa katika karatasi, mwenyekiti hutia sahihi, muhuri hupigwa, kisha karatasi ile hupigwa picha kwa mashine na picha ndiyo inayopandishwa kwenye tovuti. Kwa mwenye macho tangazo limekamilika, tena muhuri wa zambarau unalipa heshima. Kwa programu ya kusoma skrini hakuna kitu pale. Programu ile husoma herufi; picha ya herufi kwake ni picha tu, sawa na picha ya ng'ombe. Itamwambia mwanachama "picha" na kunyamaza. Siku ya mkutano, ajenda, pendekezo la kubadili masharti ya chama, kiwango cha riba kitakachopigiwa kura, vyote vimefungiwa ndani ya picha ile. Na taarifa ya mkaguzi wa hesabu huwekwa kwa namna hiyo hiyo.

Dawa yake haigharimu hata shilingi moja. Maandishi ya awali aliyoyaandika karani yangali katika kompyuta ya chama. Yawekwe kwenye tovuti kama maandishi, na nakala yenye muhuri iwekwe kando kwa anayeitaka.

Hapa inafaa kutofautisha chama na kampuni. Kampuni yenye tovuti isiyosomeka humpoteza mteja, naye huenda duka jingine. Mwanachama wa ushirika si mteja. Ni mwenye mali. Asiposoma tangazo la mkutano amenyimwa nafasi ya kuamua juu ya mali yake mwenyewe, na mkutano uliofanyika bila yeye kujua una dosari hata kama akidi ilitimia. Kanuni ya kwanza ya ushirika, kama ilivyoandikwa upya na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika mwaka 1995, inasema uanachama ni wa hiari na uko wazi kwa wote wanaoweza kutumia huduma za chama na walio tayari kuyakubali majukumu yake. Wapo wanaolishika neno "wanaoweza" na kulifanya kufuli. Lakini iwapo ni chama chenyewe kilichoiweka huduma mahali ambapo mwanachama hawezi kuifikia, basi kutoweza huko kumetengenezwa na chama, wala si na macho ya mwanachama.

Kuna kosa jingine dogo ambalo huwachekesha wanaolisikia kwa mara ya kwanza. Kila ukurasa wa tovuti hubeba ndani yake alama isiyoonekana, inayoiambia mashine ukurasa umeandikwa kwa lugha gani. Mafundi wengi huanza na kiolezo cha Kiingereza, wakaweka maneno ya Kiswahili, wakaiacha alama ile ikisema Kiingereza. Matokeo yake mashine husoma "taarifa ya hisa na akiba" kwa matamshi ya Kiingereza, na mzee asiyeona hapati hata neno moja. Kubadili alama ile ni kazi ya dakika moja, kwa fundi anayejua kwamba ipo.

Fomu ya mkopo nayo ina matatizo yake. Kila nafasi ya kujaza lazima iwe imefungamanishwa na jina lake, la sivyo mashine husema "andika hapa" mara kumi bila kutaja pa kuandika jina na pa kuandika kiasi cha fedha. Fomu iweze kujazwa kwa kibodi peke yake, kwa kuwa mwenye mikono inayotetemeka hawezi kukilenga kitufe kwa kipanya. Lile fumbo la picha la kuthibitisha kwamba mtu si roboti humzuia asiyeona mlangoni kabisa, ikiwa hakuna njia nyingine kando yake. Na pale ambapo waliochelewesha marejesho wanaonyeshwa kwa rangi nyekundu tu, asiyetofautisha nyekundu na kijani hatajua kama yumo au hayumo. Liandikwe neno "amechelewa".

Kwa asiyesikia, hotuba ya mwenyekiti iliyorekodiwa kwa video iwe na maandishi chini yake. Kwa wenye uoni hafifu kipo kipimo: tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Herufi za kijivu juu ya nyeupe, ambazo mafundi wanazipenda mno, mara nyingi hazifiki hapo. Mkulima anayesoma simu juani shambani atashukuru pia, ingawa macho yake ni mazima.

Vipimo hivi si vya kubuni. Vimo katika mwongozo uitwao WCAG, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1999 na taasisi ya kimataifa inayosimamia taratibu za mtandao, W3C; toleo la 2.2 lilitoka mwaka 2023. Kwa upande wa sheria, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaja intaneti kwa jina katika ibara ya 9.

Hoja ya gharama haikosi kutolewa, nayo ina historia. Mwaka 1999 Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, alilalamika kwamba tovuti ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney haisomeki kwake. Waandaaji walijibu kwamba kuirekebisha kungekula zaidi ya dola milioni 2 za nchi hiyo na kazi ya mtu mmoja kwa siku 368. Wataalamu walioitwa upande wa mlalamikaji walisema kikundi kidogo kingeimaliza kwa wiki 4. Mwezi Agosti mwaka 2000 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo iliamua kwamba alikuwa amebaguliwa, na kwa kuwa marekebisho hayakutimizwa, waandaaji wakaamriwa kumlipa dola 20,000. Tovuti ile ilikuwa na kurasa nyingi mno zilizokwisha kujengwa vibaya. Ya chama ina kurasa chache, na nyingine bado hazijajengwa. Huo ndio wakati wenye nafuu.

Wajumbe wajihadhari pia na wauzaji wa kiraka kimoja cha programu kinachodaiwa kuponya tovuti nzima chenyewe. Mwezi Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni mojawapo ya namna hiyo italipa dola milioni 1 kwa madai ambayo haikuweza kuyathibitisha.

Linalobaki ni mkataba. Bodi inapoagiza tovuti, kipengele cha WCAG kiandikwe katika mkataba pamoja na bei na tarehe, na malipo ya mwisho yazuiliwe hadi majaribio yafanyike. Majaribio ni mepesi. Kwanza meneja akiweke kipanya kando, apite tovuti nzima kwa kibodi. Kisha aitwe mwanachama asiyeona, alipwe nauli na posho kama mjumbe mwingine yeyote, aketi na simu yake mwenyewe, aambiwe atafute tangazo la mkutano na kujaza ombi la mkopo. Karani asimsaidie, hata akiona huruma. Akifika mwisho wa fomu, hati ya malipo itiwe sahihi. Akikwama, fundi arudishiwe kazi yake pamoja na maelezo ya mahali alipokwama.