Nani Anaingia Hapo? Wapenzi wa Dansi na Sauti ya Patrick Balisidya



Miaka michache iliyopita nilipeleka suruali kupunguzwa kwa fundi mmoja karibu na Soko la Majengo, hapa hapa Dodoma. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nilipofika, fundi alikuwa ameinua mguu kwenye kanyagio la cherehani, kidole kimoja juu, anasikiliza. Wimbo wa Afro 70 ulikuwa unatoka kwenye kispika kidogo kilichochomekwa flashi. Pembeni yake aliketi mzee mstaafu wa reli, kofia magotini. Kiitikio kilipofika fundi alisema, "Hapo! Hapo ndipo Balisidya anapoingia." Mzee wa reli akatikisa kichwa. "Huyo si yeye. Yeye alikwishaingia, wewe hukumsikia."

Wimbo ukarudishwa mwanzo. Ukarudishwa tena. Mara ya nne fundi akachukua karatasi ya kaki anayokatia mitindo ya nguo, akachukua na chaki yake bapa ya bluu, akachora mistari mitatu: sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kila sauti ilipoingia alitia alama ya kukata, ile ile anayoitia begani mwa shati. Suruali yangu ilikabidhiwa kesho yake. Karatasi nikaiomba, nikapewa.

Nimesimama hapa kutetea kile kilichokuwa kikifanyika kwenye kibanda kile. Wengi wetu tukikuta wazee wanabishana juu ya mwimbaji aliyekufa tunaona wanapitisha muda, wanaukumbuka ujana wao. Mimi nasema walikuwa kazini, tena kazi ambayo sisi wenye ofisi na vyeti hatukuifanya.

Patrick Balisidya alizaliwa mwaka 1946 Mvumi, kusini mashariki ya mji huu, mahali panapojulikana kwa misheni ya Kianglikana na hospitali yake. Alikwenda Dar es Salaam kwa sababu muziki ulirekodiwa huko: studio za Redio Tanzania zilikuwa huko, na kumbi zilizojaa kila mwisho wa wiki zilikuwa huko. Akapitia Dar es Salaam Jazz, kisha akaanzisha bendi yake, Afro 70, ambayo jina lake limebeba mwaka ilipoanzishwa. Mtindo wao waliuita Afrosa. Walikwenda Lagos kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977, na baadaye ikatolewa Uswidi sahani iitwayo *Bado Kidogo*, waliyoipiga pamoja na kundi la huko, Archimedes Badkar. Balisidya alifariki mwaka 2004. Wimbo wake *Harusi* bado unapigwa kwenye sherehe zetu, na mabibi harusi wengi wanaoucheza walizaliwa baada ya wimbo wenyewe kutungwa.

Hayo yameandikwa. Ambalo halikuandikwa ni nani aliimba nini.

Fikirini jinsi dansi lilivyokuwa likifika masikioni mwetu. Mtangazaji alitaja bendi, akataja jina la wimbo, pengine na mtunzi. Sauti ya pili na ya tatu zilipita bila majina. Ndivyo bendi zenyewe zilivyojengwa, maana nyingi zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ya jumuiya ya wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Vyombo vilikuwa vya taasisi, jina lilikuwa la taasisi, na mwimbaji alikuwa mwajiriwa. Afro 70 ilikuwa tofauti, kwa kuwa ilikuwa bendi ya mtu binafsi, lakini hewani nayo ilitambulishwa kwa desturi ile ile. Msikilizaji aliyetaka kujua ni nani anayemliza usiku alilazimika kumtambua kwa sikio.

Na wakajifunza kutambua. Chukueni mfano wa Muhiddin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014. Aliimba NUTA, ambayo baadaye ikaitwa Juwata, akaondoka mwaka 1978 kwenda kuianzisha Mlimani Park, akahamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, na mwishowe akarudi kwenye bendi alikotokea, ambayo sasa iliitwa Msondo. Mpenzi wa Sikinde, yaani Mlimani Park, akiisikia sauti ya Gurumo ndani ya wimbo wa Mlimani, anajua wimbo ule ni wa kati ya 1978 na 1985. Hahitaji lebo. Sauti kwake ni muhuri wa tarehe. Wanahistoria tunafundishwa kukadiria umri wa waraka kwa wino na mwandiko. Watu hawa wanakadiria umri wa kanda kwa koo la mtu, na kwa bahati mbaya ujuzi huo tumeuita ushabiki.

Nirudi Majengo, maana ubishi ule haukuishia kwenye nani ameingia wapi. Mzee wa reli alipoona ameanza kuelemewa alihamia kwenye swali kubwa zaidi. Fundi alikuwa ameshikilia kwamba sauti ya Balisidya ni ya Kigogo, ya watu wa hapa Dodoma. "Huyu ameimba kwa mama yake kwanza," alisema. Mzee akajibu kwamba Ugogo haumo mle hata kidogo: waimbaji wote wa dansi walinyonya sahani za Kuba, zile za GV, kisha wakanyonya Kongo. Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba bila kuona haya; kwa nini, mzee akauliza, Mgogo asiige naye?

Hoja zote mbili ni nzito, na nimezibeba kwa miaka. Waliokulia uwanda huu wanajua kuimba kwetu kulivyo. Mmoja haubebi wimbo peke yake. Sauti zinapandana, moja inashika juu, nyingine inaikuta kwa chini, na nafasi iliyopo katikati yao ina utamu wake ambao sikio la kwaya za kizungu huliona kama pengo. Mtaalamu wa Austria, Gerhard Kubik, aliufuatilia mpangilio huu akaona unatokana na zile sauti ndogondogo zinazozaliwa juu ya sauti moja ya msingi, kama anavyozisikia mpiga zeze anapopitisha upinde kwenye uzi. Wanawake wanaopiga muheme, ngoma wameibana mapajani, hawajasoma Kubik, na wanaimba hivyo hivyo. Mtoto wa Mvumi wa miaka ya 1950 alikua katikati ya hayo na ya zaburi za kanisani kwa pamoja.

Je, ndiyo tunayoyasikia kwenye Afro 70? Mimi nipo na fundi kwa nusu. Gitaa ni la mjini, na ngoma inayosukuma miguu ni ya pwani na Kongo. Hapo mzee wa reli ana haki yake yote. Ila sauti za kiitikio zinapokutana, nasikia zikiachiana nafasi kwa namna ninayoifahamu tangu nikiwa mgongoni. Sitaki kumlazimisha mtu kwa hisia zangu. Nataka kazi ifanywe: zichukuliwe nyimbo za Afro 70, zichukuliwe na nyimbo za kijijini zilizorekodiwa uwanda huu, zipimwe noti kwa noti. Madai ya fundi yanapimika. Alama za chaki kwenye karatasi yake zinaonyesha wapi pa kuanzia.

Kuna jambo la haki pia, na hapa sitapunguza maneno. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilihesabu ulinzi wa mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo tungo za Balisidya zinalindwa hadi 2054. Sheria hiyo hiyo inamtambua na mwimbaji, siyo mtunzi tu. Lakini haki hudaiwa kwa jina. Yule aliyeimba sauti ya tatu, ambaye jina lake halikutajwa na mtangazaji wala kuandikwa popote, watoto wake watakwenda dirishani kudai nini? Ushahidi uliobaki ni masikio ya watu waliokuwa ukumbini, wakiwa wamesimama hatua tano kutoka jukwaani, wakamwona akiusogelea mdomo wa maikrofoni. Watu hao sasa wana miaka 70 na kuendelea. Tumewazika wengi tayari, na kila tunayemzika anaondoka na majina.

Ndiyo maana ninaposikia vijana wakisema wazee wa zilipendwa wanabishana bure, naumia. Hawabishani bure. Ubishi ndio njia yao ya kuhakiki. Mmoja akisema "ni yeye", mwenzake atamtaka aseme alimwona wapi, kwenye ukumbi gani, bendi ikiwa na nani kwenye gitaa la rithimu, na kama alikuwa ameshahama wakati huo. Akiteleza kwenye moja, atakatwa pale pale mbele ya watu. Nimekaa kwenye vikao vya kutetea tasnifu ambavyo mtahiniwa hakubanwa hivyo.

Mzee wa reli hayupo tena. Alifariki kabla sijarudi Majengo na kinasa sauti nilichomwahidi, na ahadi hiyo inanikaa moyoni. Niliporudi, fundi alinionyesha mahali kofia yake ilipokuwa ikikaa, akaniambia kwamba wiki ya mwisho walikubaliana kuhusu sauti ya pili. Kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote ile. Mzee alikuja asubuhi, hata salamu hakusubiri, akasema amelala akiusikia wimbo kichwani na kwamba fundi alikuwa sahihi tangu mwanzo. Fundi akaandika jina kwenye mstari wa pili, kwa kalamu safari hii.

Karatasi yenyewe ninayo hapa mezani, imekunjika mara nne na chaki imefifia. Mstari wa kwanza una jina. Wa pili una jina. Wa tatu hauna. Wazee waliokaa safu za mbele, baadhi yenu mlicheza Afrosa kwa miguu yenu wenyewe. Nimeomba wimbo upigwe mara mbili, taratibu, na taa zibaki zimewaka ili tuonane. Anayeitambua sauti ya tatu anyooshe mkono, na asiyekubaliana naye anyooshe wake.